Dagaa wa Mheshimiwa

Habari kwamba watu wanaanika dagaa juu ya baba yangu niliipata sokoni Sumbawanga, nikiwa nachagua nyanya. Nyuma yangu mwanamume mmoja mwenye sauti ya mnadani alikuwa akinadi: "Dagaa wa mheshimiwa hao! Dagaa wa bustanini! Hawajui mchanga unafananaje!"

Niligeuka, nikamuuliza bustani ipi.

"Ile ya marehemu diwani, kule ziwani," alinijibu, akichota dagaa kwa kiganja ili nione. Walikuwa weupe, wamekauka sawasawa, hakuna aliyevunjika kichwa. "Hawa wanaanikwa kwenye sakafu safi, mama. Wengine wanaanikwa palepale kwenye jiwe, juu ya mheshimiwa mwenyewe. Onja."

Nilionja. Sijawahi kutia mdomoni dagaa wazuri kama wale, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Yule bwana hakunijua, na sikumwambia mimi ni nani. Niliziacha nyanya juu ya meza ya muuzaji wake nikaondoka, na kabla sijafika dukani kwangu, ninapouza madaftari na vifaa vya shule, nilikuwa nimeshampigia kaka yangu simu hadi betri ikalalamika. Hakupokea. Yuko Dodoma, na watu wa Dodoma wako kwenye kikao saa zote.

Mimi ndivyo nilivyo. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali, ndiyo maana sijatulia tangu siku hiyo.

Baba hakuzikwa ziwani. Amelala huku juu, kwenye makaburi ya kanisa, karibu na wazazi wake. Kule ziwani kuna jiwe lenye jina lake tu, na bustani ndogo iliyolizunguka. Lakini mtu akikuambia baba yako anaanikiwa samaki usoni, hukai chini ukaanza kupambanua kati ya jiwe na kaburi.

Alikuwa mfanyabiashara kwanza, siasa zilikuja baadaye. Alianza kwa kununua mahindi na ulezi Laela, gunia hili na lile, akapata lori, na lori likamteremsha hadi Ziwa Tanganyika. Huko akaanza kupandisha dagaa na migebuka kwa wanunuzi wa mjini na wa Tunduma. Akajenga nyumba ya pili ziwani. Wiki nzima alikuwa huko, Jumamosi jioni anapanda kwa mama, huku mtaani Milanzi, Jumapili anakwenda misa akiwa bado ananukia samaki. Watu wa ziwani, Waislamu kwa Wakristo, walimchagua kuwa diwani wao wakisema huyu ni Mfipa wa juu lakini harufu yake ni ya kwetu. Alihangaikia barabara ya mteremko ikachongwa, akahangaikia zahanati ikapata nyumba ya mganga. Alipofariki, kijiji kikatoa kipande cha ufukwe na rafiki zake wafanyabiashara wakajenga: sakafu ya saruji ya mviringo iliyosuguliwa mpaka ikateleza, mabenchi matatu, mstari wa miti ya miashoki, na jiwe jeusi lililolazwa chini kwa mshazari, limechongwa jina lake.

Jambo moja lilimsumbua maisha yake yote ya siasa, nalo ni mchanga. Dagaa wa ziwani walianikwa ufukweni, na dagaa wa ufukweni wana mchanga. Hata uoshe vipi, meno yatakuambia. Wa baba hawakuwa na mchanga zaidi ya wa wengine, ila yeye ndiye aliyegombea. Kwenye kampeni mpinzani wake alipanda jukwaani, akafungua kiganja, mchanga ukamwagika, akasema, "Huyu ndiye mnayetaka awalishe." Uwanja mzima ulicheka, na baba alicheka kuliko wote. Alipofika nyumbani alinuna siku kadhaa.

Basi Jumamosi iliyofuata nilifunga duka mapema, nikaomba gari la jirani, nikateremka. Kutoka Matai barabara inashuka na masikio yanaziba, hewa inabadilika, na koti ulilovaa asubuhi kwa baridi ya Sumbawanga linakuwa adhabu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilikuwa nayo ya kutosha kugombana na kijiji kizima.

Nilipofika, bustani haikuonekana. Kilichoonekana ni dagaa. Walikuwa wametandazwa sakafu nzima, na mabenchi matatu yote, na ukingo wa maua ambayo hayakuwahi kuota. Wanawake walikaa chini ya miashoki wakifukuza kunguru kwa matawi. Nililitafuta jiwe nikalikuta limefunikwa kuanzia juu, jina lote halipo, imebaki tarehe ya kufa.

"Nani mwenye dagaa hawa?" nilipiga kelele.

Aliinuka mwanamke mnene wa makamo, kanga kiunoni, akaja taratibu huku akinitazama usoni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo aliponitangulia.

"Huo uso naujua. Wewe ni binti wa huyu tuliyemkalia. Karibu, Mfipa. Lakini kabla hujafanya lolote nakuomba, usiniteremshie radi, dagaa wangu hawajakauka."

Wenzake walicheka, maana Wafipa tunasifika kwa uchawi wa radi. Nikamwambia sikuja kwa mzaha.

"Mimi ni Mnyamwezi," alisema. "Nimeolewa hapa, lakini kwetu ni Tabora. Utafanya nini?"

Na kweli, ningefanya nini? Mnyamwezi ni mtani wa Mfipa. Amepewa ruhusa na mababu wa pande zote mbili kunitukana mimi na marehemu wangu, na mimi nimekatazwa kukasirika. Siku ya mazishi ya baba walikuja watani kama yeye, wakalala mbele ya jeneza wakasema haliendi popote mpaka marehemu aeleze kwa nini alikuwa na tumbo kubwa hivyo, na mama, aliyekuwa hawezi hata kumeza maji, alitabasamu. Hasira yangu yote niliyoiteremsha kutoka Sumbawanga ikawa haina pa kutua. Nilisimama nayo juani.

"Mnamwanikia dagaa usoni," nilisema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

"Yeye si alituanika sisi?" alijibu. "Miaka yote anasema nisubirini ufukweni, gari linakuja, na sisi tunasubiri tunakauka. Sasa ni zamu yake."

Nilirudi mjini bila kugombana, nikiwa nimefungiwa mfuko wa dagaa. Usiku sikupata usingizi. Nilikuwa nimeshindwa, na aliyenishinda nilimpenda, na mambo hayo mawili yalikataa kukaa pamoja.

Nikajipa kazi ya ulinzi. Kila Jumamosi nilikuwa nateremka. Nilinunua fagio na ndoo, nikanunua sabuni, nikawa nasugua jiwe mpaka jina linang'aa. Wanawake walikuwa wananiona kwa mbali nikiteremka kwenye gari, wanakusanya dagaa wao kwa adabu, wananipisha. Nikishamaliza kusugua, najifanya nakaa kwenye benchi kumkumbuka baba. Lakini kukaa sikuweza. Nilikuwa natazama maji, natazama simu, nainuka kuokota jani, narudi. Gari likianza kupanda kilima, kwenye kioo nilikuwa nawaona wakirudi na mabeseni. Sakafu ilikuwa safi zaidi kwa sababu yangu, Mnyamwezi aliniambia, na akaniomba nije pia katikati ya wiki.

Kidogo kidogo alinieleza. Siku ya kwanza kuanika pale mvua ilikuwa imenyesha. Maji yalikuwa yameloanisha ufukwe, dagaa wanaoza kwenye mabeseni, na sakafu ya bustani ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukauka. Alimwaga beseni moja kwa woga. Jioni alipokusanya aliona hakuna hata chembe ya mchanga. Wiki iliyofuata wakaja wengine. "Zamani nilikuwa nawakimbilia wanunuzi wa Tunduma, nashika mlango wa gari," alisema. "Sasa wao ndio wanaoniuliza yuko wapi yule mama wa bustanini." Alilisema hilo bila mzaha hata kidogo, kisha akakumbuka mimi ni nani, akaniuliza kama Wafipa siku hizi tunapanda ndege au bado tunatumia ungo.

Kosa lilifanyika kwenye simu. Kaka alipokea hatimaye, jioni moja, na mimi nikamsimulia kila kitu nikicheka. Nilimsimulia radi, nikamsimulia ile ya zamu yake kuanikwa. Nilidhani naye atacheka. Kaka ameishi mbali miaka mingi, ameoa huko, watoto wake hawajui hata kupiga makofi ya salamu ya Kifipa. Aliniuliza, "Anasema hivyo kuhusu baba? Mbele za watu?"

"Ni mtani, kaka."

"Utani una mipaka, mdogo wangu. Yule ni mheshimiwa, amejengewa kumbukumbu, na wewe unachekelea?"

Kesho yake alimpigia mwenyekiti wa kijiji. Alitaka bustani izungushiwe waya na kuwekewa geti lenye kufuli, na nguzo atatuma yeye. Zilifika upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akituma nyumbani: nguzo za chuma na mabunda ya waya, yakarundikwa kando ya miashoki. Lakini mwenyekiti ni mtu mzima anayejua mila. Alisema hatachimba hata shimo moja kwa maneno ya simu. Neno la familia litoke kwa mjane, kwa mdomo wake, palepale mbele ya watu. Akisema zungusheni, watazungusha siku hiyohiyo. Akisema acheni, nguzo zitarudi.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kwa mama, na mama hakuwahi kukanyaga ziwani tangu msiba. Nilimfuata Milanzi kumweleza. Nilimweleza nikiwa nimesimama, funguo za gari mkononi. Alikuwa anapepeta ulezi uani, peke yake, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Wewe unatakaje?" aliniuliza.

Nilimwambia sijui, na ulikuwa ukweli. Nikiwa mjini nilitaka waya. Nikiwa ziwani nilitaka wanawake wale waachwe. Kilichonitesa ni kwamba ikiwekwa kufuli, itakuwa ni jina la baba ndilo linalowafukuza, na isipowekwa, jina lenyewe halitaonekana tena na mtu.

"Nitasema nikifika," alisema mama.

Kaka alikuja kwa basi la usiku, tukateremka watatu. Mama alikaa mbele, kitenge kimefungwa vizuri, rozari mkononi. Kaka nyuma alizungumza njia nzima kuhusu heshima. Alisema mjini kwao bustani za viongozi zina walinzi. Mama alimjibu mara moja tu, tulipopita Matai, na alichomjibu ni kwamba afunge dirisha.

Kijiji kilikuwa kimejiandaa. Walikuwa wamemsafishia mjane. Sakafu ilikuwa nyeupe, imefagiliwa na kumwagiwa maji, mabenchi matupu, jiwe linameremeta, na hapakuwa na dagaa hata mmoja wala mtu yeyote ndani. Wanawake walijipanga nje. Mama aliposhuka walipiga magoti na kupiga makofi ya salamu, naye akainama akawapigia makofi polepole, kama inavyotakiwa. Waliokuwa mbali ufukweni waliacha nyavu wakasogea.

Tuliingia. Kaka akasema kwa sauti ya chini, "Unaona, mama? Pakisafishwa panapendeza."

Mama aliketi kwenye benchi la kati akatazama. Alitazama jiwe, miti, maji. Upepo ulikuwa hafifu. Tulikaa pale sisi watatu kama watu waliofika kwenye arusi siku isiyo yenyewe.

"Leo wameanika wapi?" aliuliza.

Mwenyekiti akaonyesha. Chini yetu, kwenye mchanga, dagaa walikuwa wametandazwa juu ya vyandarua vilivyochakaa, na kila mtoto aliyepita mbio aliwarushia vumbi. "Wamewahamisha kwa heshima yako, mama," alisema.

"Yuko wapi yule Mnyamwezi?"

Alijitokeza. Sikuwahi kumwona mnyonge vile. Alipiga magoti mbele ya mama akatazama chini, na alichosema ni shikamoo tu.

"Marahaba. Nimesikia una mdomo," mama alisema. "Mbona leo umepoa? Nyie si mliumbwa kubeba mizigo? Mzigo wa leo umekuelemea?"

Watu wakaguna kwa kicheko wasichokuwa na uhakika nacho. Mnyamwezi akainua uso.

"Mdomo ninao, Mfipa. Ila nimeambiwa utani una mipaka," alisema, akanyoosha kidole kwenye mabunda ya waya. "Na mipaka yenyewe imeletwa, ile pale."

Hapakucheka mtu. Kaka alitazama viatu vyake. Mimi nilimtazama yule mwanamke akikaza fundo la kanga yake, nikajua kwamba mama akisema neno moja, Jumatatu mwanamke huyu atakuwa anakimbilia milango ya magari tena.

Mama aliinuka. "Niletee beseni," alisema.

Akaletewa la dagaa wabichi, maji yakichuruzika. Alilipokea mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaenda nalo hadi kwenye jiwe. Magoti yake hayapendi kukunjwa siku hizi. Aliyakunja moja baada ya jingine, akashika ukingo, akatua. Halafu akalimwaga beseni lote juu ya jina la baba, akaanza kutawanya kwa viganja, kuanzia katikati kwenda nje, kama anavyotawanya ulezi miaka yote.

"Mama!" kaka aliita.

"Nyamaza. Wewe uliwahi kumwona baba yako amekaa peke yake? Akikosa mgeni alikuwa anatoka barabarani kutafuta mtu wa kula naye, hata asiyemjua. Sasa mnataka kumfungia hapa na kufuli?" Hakumtazama. Alikuwa anatenganisha dagaa walioshikamana. "Mwenyekiti, hizo nguzo zirudi zilikotoka. Na nyie mnangoja nini? Jua litawaponyoka."

Wanawake waliingia kwa kishindo. Mabeseni yalipita juu ya vichwa, mtu akaanza kigelegele, Mnyamwezi akawa anaamuru kila mtu mpaka mwenyekiti. Kaka alisimama katikati na viatu vyake vya Dodoma, dagaa wanamzunguka, hana pa kukanyaga. Baadaye alivua viatu akavishika mkononi.

Mimi nilifurahi sana. Nilimsogelea mama nikaanza kupanga mambo, kama kawaida yangu: nitaleta mafagio mengine, nitatafuta turubai la mvua, nitakuwa nateremka pia Jumatano kuangalia.

"Wewe," alisema mama, na hakuwa amekasirika. "Jumamosi zote hizi unateremka kumlinda mtu aliyekufa. Mimi niko Milanzi. Napika ugali wa mtu mmoja, na sijui kuupima, mwanangu. Kila siku unabaki."

Alisogeza beseni katikati yetu, akaendelea kutawanya. Nilipiga magoti upande wake nikatia mikono kwenye dagaa wale wa baridi, na sikuweza kuwatandaza, kwa sababu nilikuwa nalia mbele ya kijiji kizima na sioni ninachokishika.